Ubaguzi shuleni Marekani haukuisha 1954: sahihisho kuhusu shule ya Moton

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nisahihishe makala mliyoichapa kuhusu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 1954, ile inayojulikana kwa jina la Brown, iliyosema ubaguzi wa rangi shuleni ni kinyume cha katiba. Mwandishi wenu kaandika vizuri na sina ugomvi naye. Ila kuna aya moja imenikaa kooni. Anasema Shule ya Sekondari ya Robert Russa Moton, ya watoto weusi mjini Farmville, Virginia, ilikuwa mbovu kupita kiasi. Mawakili wakaona, wakaishtaki serikali. Wakashinda, shule mpya ikajengwa. Tangu hapo watoto weusi na wazungu wakasoma pamoja. Katika aya hiyo, sentensi ninayoweza kuitia saini ni ile ya kwanza tu.

Mimi ni dereva wa basi la shule hapa hapa Virginia. Si Farmville kwenyewe, ni kaunti nyingine isiyo mbali. Habari hizi sikuzisomea chuo. Nimezipata kwa kuishi na watu wa huku, kwa kwenda kwenye jengo lenyewe ambalo siku hizi ni makumbusho, na kwa mama mmoja mtu mzima aliyekuwa msaidizi kwenye basi langu nilipoanza kazi hii. Kwa hiyo nikizidisha habari za mabasi, mnivumilie.

Nianze na jengo. Lilijengwa mwaka 1939, la matofali, bila ghorofa, madarasa yamezunguka ukumbi wa katikati. Hata hilo halikuja kwa hisani ya mtu. Jumuiya ya wanawake weusi wa Farmville, iliyoanzishwa na Bi. Martha Forrester mwaka 1920, ilipiga kelele miaka na miaka ili watoto wao nao wapate sekondari ya maana. Shule ikapewa jina la Robert Russa Moton, mtu aliyekulia katika kaunti hiyo hiyo ya Prince Edward, akaja kuwa mkuu wa chuo cha weusi cha Tuskegee baada ya Booker T. Washington. Makala yenu inamwita mwanzilishi wa shule. Hakuwa mwanzilishi, aliazimwa jina tu kwa heshima.

Jengo lilikusudiwa wanafunzi 180. Kufika 1950 walikuwa zaidi ya 450. Hapakuwa na bwalo la chakula, hapakuwa na maabara, hapakuwa na ukumbi wa michezo, wakati sekondari ya wazungu mjini hapo hapo ilikuwa navyo. Pale ukumbini walifundisha madarasa mawili matatu kwa mpigo, kila mwalimu akishindana na sauti ya mwenzake. Na lipo darasa lililofundishwa ndani ya basi lililoegeshwa. Hapo ndipo nilipoganda niliposikia, maana ninajua basi lililozimwa injini mwezi wa Januari huku linavyokuwa. Bati ni bati. Kitambo kidogo tu na pumzi za watoto zinaanza kuonekana, vioo vinafanya ukungu, na aliyekaa dirishani anajikunyata asiguse ubavu wa gari. Mtu umfundishe nini humo?

Kaunti nayo, badala ya kujenga, ikasimamisha mabanda matatu ya mbao yaliyovikwa makaratasi ya lami. Wapita njia waliyaona wakasema ni mabanda ya kuku. Kila banda lilikuwa na jiko la kutia joto. Aliyekaa karibu nalo anaungua, aliyekaa mbali anavaa koti darasani. Mvua ikinyesha paa linavuja na miavuli inafunguliwa humo humo ndani. Mwalimu wa historia ndiye aliyekuwa dereva wa basi asubuhi, na akishawashusha wanafunzi anakwenda kukusanya kuni na kuwasha majiko kabla hajashika chaki. Mabasi yenyewe yalikuwa yale ambayo shule ya wazungu ilikwisha kuyachosha.

Wazazi hawakunyamaza. Wakiongozwa na Mchungaji L. Francis Griffin wa kanisa la First Baptist na mkuu wa shule, M. Boyd Jones, walikwenda kwenye vikao vya bodi ya elimu mara kwa mara kuomba shule mpya. Majibu yalikuwa ya njoo kesho, mpaka wakaambiwa hakuna haja ya kuhudhuria tena, wataarifiwa mambo yakiwa tayari. Taarifa haikuja.

Sasa hapa ndipo mwandishi wenu alipowaruka watu wenyewe. Waliosimama hawakuwa mawakili. Alisimama msichana wa miaka 16, Barbara Johns, mkulima mtoto wa mkulima, anayekaa vijijini, mbali na mji. Kesi ya Farmville ni mojawapo ya kesi tano zilizounganishwa zikaitwa Brown, na ndiyo pekee kati ya hizo iliyoanzishwa na wanafunzi.

Barbara mwenyewe aliandika baadaye jinsi uamuzi ulivyomjia, na ni habari ya basi. Asubuhi moja alikuwa akihangaika kuwaandaa wadogo zake wawahi usafiri, akasahau chakula chake cha mchana. Akarudi nyumbani mbio kukichukua, na aliporudi barabarani basi limekwenda. Akakaa kungoja msaada wa gari lolote litakalopita. Baada ya kama saa nzima likapita basi la shule ya wazungu, linaelekea mji ule ule wa Farmville, nusu yake viti vitupu. Halikusimama, na lisingeweza kusimama, kwa kuwa sheria ya Virginia ilikataza. Mimi huwa namfikiria na dereva wa siku ile pia. Lazima alimwona. Huwezi kupita mtoto amesimama peke yake kando ya barabara ya mashambani na vitabu mkononi ukasema hukumwona.

Kabla ya hapo alikwisha kumlalamikia mwalimu wake wa muziki, Inez Davenport, juu ya hali ya shule. Mwalimu akamjibu kwa kumuuliza: mbona wewe hufanyi jambo? Nadhani walimu wengi husema hivyo ili mtoto aache kulalamika. Huyu akaenda kulifanya. Akawakusanya wenzake wachache wanaoaminika, akina John na Carrie Stokes miongoni mwao, wakapanga kwa siri miezi kadhaa.

Jumatatu ya Aprili 23, 1951, mkuu wa shule akapigiwa simu: wanafunzi wake wawili wako matatani kituo cha mabasi mjini, polisi watawakamata. Akatoka mbio. Simu ilikuwa ya uongo. Nyuma yake vikaratasi vikapelekwa kwa kila mwalimu kuita mkutano ukumbini, vimetiwa herufi J, kama alivyozoea kutia mkuu wa shule, Jones. Na Johns vilevile huanza kwa J. Pazia la jukwaa lilipofunguliwa walimu walitegemea kumwona mkuu, wakamwona Barbara na kamati yake. Akawaomba walimu watoke. Walipositasita akavua kiatu na kugonga nacho. Wakatoka.

Akawaambia wenzake kuwa wanagoma mpaka shule mpya ijengwe, na kwamba wakikaa pamoja hakuna atakayeweza kuwaadhibu wote. Kulikuwa na vitisho kwamba wazazi wao watafungwa. Vijana wakajibu kuwa jela ya Farmville ni ndogo, haitawatosha. Wakatoka wote, mia nne na hamsini na ushee, na mabango walikuwa wamekwisha kuyaandaa. Mkuu wa shule aliyerudi na kuwasihi warudi darasani hakusikilizwa. Mwisho wa yote ni yeye aliyepoteza kazi kiangazi hicho, ingawa hakuujua mpango.

Mawakili walifika siku mbili baadaye, Oliver Hill na Spottswood Robinson kutoka Richmond, kwa sababu Barbara na Carrie waliwaandikia barua. Walikuwa safarini kwenda kwenye kesi nyingine na walikusudia kuwaambia watoto warudi shuleni. Walipowakuta na kuwasikiliza, wakashindwa kuyatamka hayo. Ila wakatoa sharti: chama chao cha kutetea haki za weusi, NAACP, hakitashtaki tena kudai jengo zuri la weusi kando ya jengo zuri la wazungu. Mkitaka tuwatetee, tutashtaki ubaguzi wenyewe. Watoto waliomba madarasa yasiyovuja, na sasa wakaombwa wabebe jambo zito kuliko walilolianzisha. Kwenye mkutano wa Mei 3 kanisani kwa Mchungaji Griffin wapo wazazi walioogopa, na walikuwa na haki ya kuogopa, maana mashamba na mikopo yao ilikuwa mikononi mwa wazungu wale wale. Wengi wakakubali. Mei 7 mgomo ukaisha, Mei 23 kesi ikafunguliwa kwa niaba ya wanafunzi 117. Iliitwa kwa jina la Dorothy Davis, wa miaka 14, kwa kuwa ndiye aliyetangulia kwenye orodha.

Barbara hakubaki. Wazazi wake walihofia maisha yake, wakampeleka Montgomery, Alabama, kwa baba yake mkubwa Vernon Johns, mchungaji wa kanisa ambalo muda si mrefu lilikuja kuongozwa na Martin Luther King. Akamalizia shule huko. Baadaye alikuwa mkutubi wa shule za Philadelphia, akalea watoto wake, akafariki 1991. Watu wengi waliofanya naye kazi hawakuwa na habari za mgomo ule.

Na hiyo shule mpya? Mwandishi wenu ameiweka baada ya ushindi, kumbe ilitangulia. Mwaka 1952 majaji watatu mjini Richmond waliwanyima wanafunzi madai yao. Walisema ubaguzi haujamdhuru mtu wa rangi yoyote, ila wakaiagiza kaunti isawazishe majengo. Kaunti, iliyokuwa haina pesa miaka yote, ghafla ikazipata. Mwaka 1953 ikafungua Moton mpya, nzuri kweli, ya weusi watupu. Lilikuwa jengo la kuwanyamazisha watu. Wangekubali kunyamaza, kesi ingekufa. Hawakukubali, ikakatiwa rufaa mpaka Mahakama ya Juu, na Mei 17, 1954 majaji wote tisa wakasema ubaguzi shuleni ni kinyume cha katiba.

Hapo ndipo magazeti mengi huweka nukta. Lenu halikuwa la kwanza.

Mahakama haikuweka tarehe. Mwaka uliofuata ilirudi na agizo la pili kwamba utekelezaji uende kwa haraka yenye busara, na wenyeji wa Virginia wakaichukua busara wakaiacha haraka. Seneta Harry Byrd aliitisha upinzani wa jimbo zima, na bunge la Virginia likatunga sheria ya kufunga shule yoyote itakayowachanganya watoto. Septemba 1958 gavana akazifunga kweli baadhi ya shule za wazungu huko Norfolk, Charlottesville na Front Royal. Januari 1959 mahakama mbili, ya jimbo na ya shirikisho, zikaitupa sheria hiyo siku moja. Maeneo yale yakafungua milango, shingo upande.

Prince Edward ikaenda njia yake. Mei 1959 mahakama ya rufaa iliiamuru ianze kuchanganya wanafunzi Septemba hiyo hiyo. Juni, madiwani wa kaunti wakakaa kupitisha bajeti, na kwenye fungu la elimu hawakuweka hata senti. Hawakuifunga shule moja, walifunga zote, za wazungu na za weusi. Minyororo ikatiwa milangoni, na lile jengo la 1953 lililojengwa ili kukwepa kesi likakaa tupu likiwa halijafikisha miaka kumi. Hakuna kaunti nyingine Marekani iliyothubutu kufuta elimu ya umma kwa muda mrefu hivyo. Zikafungwa 1959 na zikafunguliwa 1964.

Watoto wa wazungu hawakukaa sana. Msingi wa shule binafsi ulikuwa umeandaliwa mapema. Vuli ile ile wakaanza kusoma kwenye makanisa na majumba ya watu, wakichangiwa na jamaa zao, halafu kwa miaka ya mwanzo ruzuku ya karo kutoka serikalini na msamaha wa kodi ya kaunti. Yaani pesa ya umma ilipatikana, mradi haiendi kwenye shule ya umma. Wapo wazungu maskini walioshindwa hata hivyo, na watoto wao wakabaki mitaani, hili nalo halisemwi sana.

Weusi waliokuwa wa umri wa shule walikuwa kama 1,700. Wakuu wa wazungu walijitolea kuwaanzishia nao shule binafsi. Aliyepeleka maombi ni mtoto mmoja tu. Mtu wa mbali anaweza kuona ni ukaidi, lakini walijua wakiingia kwenye shule hiyo kesi yao imekwisha na ubaguzi umehalalishwa kwa mlango wa nyuma. Mchungaji Griffin na kina mama wakafungua vituo kwenye makanisa, watoto wakakutana hapo wakaimba, wakahesabu, wakasomeana. Kwa makusudi hawakuviita shule. Wanafunzi wa madarasa ya juu makumi kadhaa walipelekwa chuo cha Kittrell, North Carolina. Wengine walichukuliwa na Waquaker, dhehebu la Kikristo, wakaenda kuishi na familia wasiozijua, majimbo ya mbali. Wapo waliopelekwa kwa shangazi na bibi zao. Na wapo waliovushwa mpaka wa kaunti.

Hao wa mpakani nawajua zaidi kwa sababu ya kazi yangu. Mzazi anakodi kibanda kibovu upande wa pili, kaunti ya Appomattox kwa mfano, kisha alfajiri anawaleta watoto na kuwashusha hapo wakae kama wanatoka nyumbani kwao. Basi likija wanapanda. Sisi madereva tuna orodha ya vituo na majina, na kila mtoto lazima awe na anwani. Mtu yeyote aliyewahi kuendesha njia ya mashambani anafahamu nyumba yenye watu na nyumba isiyo na watu. Moshi hautoki, nguo hazianikwi, na watoto sita wanatokea. Madereva waliokaa kimya kuhusu jambo hilo sijui majina yao, ila nawashukuru.

Wasomaji wa umri wangu watakumbuka kwamba Tanganyika nayo ilikuwa na shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, zikaunganishwa mara tu baada ya uhuru, mwaka 1962. Huo ndio mwaka wa tatu wa minyororo ya Prince Edward, saa chache tu kwa gari kutoka ikulu ya Rais wa Marekani.

Yule mama wa kwenye basi langu alikuwa amemaliza darasa la pili shule zilipofungwa. Kwenye basi hakuna alichokosa. Alimjua kila mtoto, mama yake, mbwa wa nyumba yao, nani hutapika kwenye kona. Vituo alivishika kichwani vyote. Lakini likitokea tukio, watoto wamepigana au kioo kimevunjika, sheria ya kazi ni kujaza fomu, na fomu alinisogezea mimi. “Andika wewe, dereva, mwandiko wako mzuri.” Mwandiko wangu si mzuri, mhariri ukiuona wa barua hii utakubali. Yeye alitia jina tu, herufi kubwa moja moja, akiikandamiza kalamu mpaka karatasi ya chini inapata alama. Mimi nilimwita mama na yeye akazoea hivyo, na nadhani ni kwa sababu hiyo aliniambia. Alisema mama yake alinunua penseli Septemba 1959, akanunua tena 1960, wakaziweka kwenye droo. Mwaka wa tatu hakununua. Aliporudi darasani alikuwa na miaka 12, amekwisha kusahau hata kile kidogo alichojua, akawekwa na watoto waliomfika kifuani. Alikaa miaka michache, akaona haya, akaenda kufanya kazi.

Nilimuuliza kama anawalaumu akina Barbara kwa kuanzisha mgomo. Akaniangalia kama nimemtukana. Akasema: “Hao hawakufunga mlango.”

Kurudi kwenyewe kulikuja kwa hatua mbili, na hapa nitapita haraka. Mwaka 1963 serikali ya Rais Kennedy ilisaidia kuanzisha shule huru za muda kwa pesa za michango, zikafunguliwa Septemba chini ya msimamizi wa shule aliyeazimwa kutoka New York, Neil Sullivan. Watoto waliojitokeza walikuwa zaidi ya 1,500, wazungu kati yao wa kuhesabika kwa vidole. Hawakupangwa kwa umri, maana wapo wa miaka kumi na zaidi ambao hawakuwahi kushika kitabu. Kisha Mei 25, 1964, katika kesi iliyopewa jina la mtoto wa Mchungaji Griffin, Mahakama ya Juu ikasema muda wa kuvuta miguu umekwisha, na kwamba jaji anaweza kuwalazimisha madiwani kutoza kodi ili shule zifunguliwe. Zikafunguliwa vuli ile. Wazungu karibu wote walibaki kwenye shule yao binafsi, ambayo haikumpokea mwanafunzi mweusi mpaka miaka ya 1980. Kwa hiyo hata ile sentensi ya mwandishi wenu kuwa walianza kusoma pamoja, ukiipeleka mbele kutoka 1954 hadi 1964 bado haijawa kweli.

Jambo moja nalileta kwako wewe hasa, mhariri, kwa kuwa ni la kazi yako. Mwaka 1959 gazeti la mji huo, Farmville Herald, lilikuwa upande wa waliofunga shule, na mmiliki wake, J. Barrye Wall, alikuwa miongoni mwa viongozi wao. Wiki baada ya wiki liliwaambia wasomaji kuwa hilo ndilo la heshima. Miongo minne baadaye mhariri wa gazeti lile lile, Ken Woodley, ndiye aliyeishikia bango Virginia mpaka ikawalipia masomo walionyimwa. Bunge la jimbo likaanzisha mfuko huo mwaka 2004, na tajiri mmoja, John Kluge, akatoa dola milioni moja. Mwaka mmoja kabla ya hapo kaunti ilikuwa imewapa waliofungiwa vyeti vya heshima, watu wazima wenye mvi wamevaa majoho. Kuna waliosema cheti cha heshima hakisomi barua ya benki. Nami nasema hivyo, ila fedha za masomo ni kitu kingine, zipo nyumba ambako bibi alikaa mezani na mjukuu wake wote wakifanya mazoezi ya nyumbani.

Jengo la 1939 nalo nusura lipotee. Lilitumika kama shule ya msingi mpaka miaka ya 1990, kisha kaunti ikataka kuliuza. Jumuiya ile ile ya wanawake, ambayo sasa ina jina la Martha Forrester, ikachangisha pesa na kulinunua. Mwaka 1998 likatangazwa alama ya kihistoria ya taifa, na Aprili 23, 2001, miaka 50 kamili tangu mgomo, likafunguliwa kama makumbusho. Ukumbi upo na jukwaa lipo. Mkiwa na mwandishi huku, mtumeni aende, Farmville iko kama saa moja na robo kwa gari kutoka Richmond. Na Desemba 2020 sanamu ya Robert E. Lee, jenerali wa majimbo ya Kusini yaliyopigana kubakiza utumwa, iliyoiwakilisha Virginia katika jengo la Bunge la Marekani, iliondolewa, na aliyechaguliwa kushika nafasi hiyo ni Barbara Johns.

Ombi langu ni dogo. Chapeni sahihisho la mambo manne: kwamba Moton hakuanzisha shule, kwamba mgomo wa wanafunzi ulitangulia mawakili, kwamba shule mpya ilijengwa 1953 ili kukwepa kuchanganya watoto, na kwamba baada ya ushindi wa 1954 kaunti ilifunga shule zake zote kwa miaka mitano. Najua ukurasa wa barua ni mfinyu na mimi nimejinyoosha. Nafasi isipotosha kateni habari za basi langu, kateni na sanamu. Miaka ya 1959 hadi 1964 iacheni.

Dereva wa basi la shule,
Virginia, Marekani